Mwaka Perege Walipokufa Ulemo

Mama Tumaini tulimzika Ulemo, kando ya mumewe, siku ya upepo mwingi ambapo mchungaji alilazimika kurudia maneno yake maana waliosimama nyuma hawakumsikia. Baada ya mazishi tulikaa uani, kwenye mikeka, tukala wali na maharage na vipande vya nyama ya mbuzi, na kwa kuwa pembeni yangu palikuwa na nafasi, akaja kukaa binti mmoja niliyekuwa simjui. Akanipa shikamoo, akasema yeye ni afisa uvuvi wa wilaya na amekuja kwa sababu amepanga nyumba jirani na Tumaini kule Kiomboi. Tuliendelea kula. Kisha akauliza, "Bibi, yale mashimo matatu kule bondeni, yaliyoota nyasi, yalikuwa ya kufyatulia matofali?" Nikamwambia hapana, yalikuwa mabwawa ya samaki. Akacheka kwa heshima, kama mtu anayedhani mzee amechanganya mambo. "Samaki? Huku Ulemo, enzi zile?" Nikamwambia ndiyo, perege, na walikufa karibu wote katika mwaka mmoja, na mimi nilikuwepo. Hapo akaacha kula. Akataka kujua walikufaje. Nikamwambia walianza kukataa chakula, wakawa weusi kuliko kawaida, macho yakavimba na kuingia ukungu mweupe, ngozi ikatoka vidonda kama imesuguliwa na msasa, na wakaja kukaa ukingoni, kwenye maji ya kina kifupi, unaweza kuwashika kwa mkono na wasikimbie. "Bila kupima siwezi kuapa," akasema, "lakini hayo unayoyasema nimeyaona mwenyewe, na yalipopimwa yalikuwa kirusi." Kisha akauliza swali ambalo tangu siku ile halijaniacha nilale vizuri. "Na nyinyi mlifanya nini?"

Nilifika Ulemo nikiwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, mwanzoni mwa miaka ile ya ruksa, wakati maduka ya Singida mjini yalipoanza kuonyesha tena sabuni za kila rangi na nguo za mitumba zilipokuwa zinamwagwa chini kwenye maturubai, na wakati huohuo wanaume wazima waliokuwa na kazi za heshima mijini walikuwa wanarudi vijijini na masanduku yao, wamepunguzwa kazi. Mwenye nyumba niliyopangiwa alikuwa mmoja wao. Aliitwa Kitundu, lakini sote tulimwita Baba Tumaini, kwa jina la binti yake wa pekee ambaye wakati ule alikuwa hajaanza shule. Alikuwa amefanya kazi Dar es Salaam, kwenye kiwanda cha dawa cha umma, idara ambayo walikuwa wanakamua dawa kutoka kwenye magome na majani, na kiwanda kilipouzwa mashine zile zilifungwa, na yeye akapewa kiinua mgongo na kuambiwa kwaheri. Alirudi kwao na mambo mawili: mizani ndogo ya shaba, na wazo la kufuga samaki.

Chumba changu kilikuwa ubavuni mwa stoo yake, na ukuta uliotutenganisha haukufika juu kwenye paa, kwa hiyo kila kilichosemwa na kila kilichochemshwa upande wa pili kilinifikia. Miezi ya kwanza hapakuwa na cha kuchemsha. Nilisikia tu mazungumzo ya mume na mke wakipimia mashudu ya alizeti na pumba za mahindi, chakula cha samaki, na mara nyingi sauti ya tatu, nzito na yenye utani, ya Yona, mdogo wake Baba Tumaini. Yona ndiye aliyeyachimba mabwawa. Kaka yake alipima na kuchora, lakini aliyeshika sururu kiangazi kizima, kwenye ule udongo mgumu wa mbugani, alikuwa Yona na vijana wawili aliowalipa kwa vitunguu vya bustani yake. Bustani hiyo ilikuwa chini kidogo ya mabwawa na ilinyweshwa na chemchemi hiyohiyo. Jioni wote tulikula pamoja, ugali wa mtama na mlenda wenye karanga, na samaki walipoanza kukua tulikula na perege wa kukaanga kwa mafuta ya alizeti, na Yona alikuwa na mazoea ya kumkabidhi Tumaini shavu la samaki kwa kidole na kumwambia, "Hili ndilo la watu wakubwa, usimwambie baba yako." Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na ushee, mbali na kwetu, na nilidhani nimeingia katika nyumba ambayo haiwezi kupatwa na jambo baya.

Samaki waliuzwa vizuri. Wapo waliotoka Misigiri, pale njia panda, kuja kununua perege wabichi, kitu ambacho watu wa kwetu walikuwa wamezoea kukipata kikiwa kikavu na kimetoka mbali. Hapo ndipo akaja Bwana Seif, mfanyabiashara wa Singida mjini, mtu mpole mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, wa ukoo wa wauza duka ambao babu yao alitoka pwani akaoa Mnyaturu. Alisema sasa biashara iko huru, hakuna tena kusubiri vifaranga vya samaki kutoka serikalini, yeye anaweza kuvileta kutoka upande wa ziwa kwa pikapu yake, kwenye mapipa ya plastiki. Akavileta kweli. Namkumbuka Baba Tumaini ameinama juu ya pipa, uso wake unang'aa kwa mwanga unaorudi kutoka majini, anasema, "Tazama, Mwalimu, tazama wanavyocheza." Vifaranga vile viliwekwa bwawa la kati. Hazikupita wiki nyingi bwawa la kati likaanza kufa.

Sijui kama msomaji amewahi kuona samaki wengi wakifa polepole. Ng'ombe akiugua analia, kuku anasinzia na kuinamisha kichwa, mtu anajua la kufanya hata kama halitasaidia. Samaki hawasemi kitu. Asubuhi nilipokuwa naelekea shule nilipita bondeni nikamkuta Baba Tumaini amesimama na suruali iliyokunjwa magotini, anaokota waliokufa na kuwaweka kwenye karai, na alasiri niliporudi alikuwa palepale, kana kwamba hakuondoka. Ndege wakubwa weupe walikuwa wamejua kabla ya watu na walipanga mstari ukingoni. Harufu ilipanda hadi darasani kwangu. Alikuja Bwana Samaki, ndivyo tulivyomwita afisa uvuvi, kutoka wilayani, kwa pikipiki, kijana mwenye adabu, akatazama, akachukua wawili, akauliza kama tuna spiriti ya kuwahifadhia. Hatukuwa nayo. Baba Tumaini akawatia kwenye chupa ya gongo, na chupa ile ikapelekwa kwa basi kwa watu waliosemekana wana maabara. Hakuna jibu lililorudi. Yule kijana alipita tena baada ya muda akasema, "Mzee, wenzangu wamepunguzwa, hata sijui nani wa kumuuliza," na nilimwonea huruma kwa jinsi alivyosema akiangalia tairi la pikipiki yake.

Kijijini jibu lilikuwa limeshapatikana. Bustani ya Yona ilizungushiwa uzio wa minyaa, na kila mtu wa kwetu anajua kwamba utomvu wa mnyaa ukiukamulia majini samaki wanalewa na kuja juu. Wavulana wa zamani walivulia hivyo kwenye madimbwi. Na Yona alikuwa amepogoa uzio wake majuma hayohayo. Na zaidi ya hapo, ndugu hawa walikuwa wamebishana kuhusu maji. Yona alidai mabwawa yanameza chemchemi yote na vitunguu vyake vinakauka, na walisikika wakizungumza kwa sauti kubwa kule bondeni, kaka akisema, "Subiri mvua," na mdogo akijibu, "Vitunguu havijui kusubiri." Ilikuwa ugomvi wa kawaida wa ndugu wanaofanya kazi pamoja, jioni ileile walikula sahani moja. Lakini samaki walipoanza kufa, maneno yale yalirudi yakiwa yamevaa nguo nyingine. Niliyasikia kisimani wanawake wakinipisha niteke maji. Niliyasikia kwenye chumba cha walimu. "Nani tena kama si mwenye minyaa?" Na mmoja akaongeza, "Mwenye minyaa ndiye aliyechimba, akafaidi kaka."

Yona alikuja siku ya Jumapili baada ya ibada, akiwa bado na shati lake jeupe. Tulikuwa tunakula. Hakukaa. Mama Tumaini akamwekea sahani, naye akaitazama tu. "Kaka," akasema, "wamenikata macho kanisani leo, hata mkono hawanipi. Nataka kesho kwenye mkutano wa kijiji usimame, useme mbele yao kwamba si mimi. Wewe ukisema watanyamaza."

Baba Tumaini aliweka tonge chini. Nilimwona akifikiri, na jambo ambalo naweza kulisema kwa hakika ni kwamba hakuwa na hasira hata kidogo. "Yona, mimi sijui kilichowaua," akasema. "Kama ningejua ningesema. Nikisimama nikasema si minyaa, nitakuwa nasema kitu nisichokijua."

"Sijakuuliza minyaa. Nimekuuliza mimi."

"Nipe muda nitafute."

"Baba Tumaini!" mkewe akasema. "Huyu ni mdogo wako."

"Najua ni mdogo wangu. Ndiyo maana sitaki kumtetea kwa uongo, halafu kesho wakaniuliza umejuaje."

Yona aliangalia mlango kama vile kuna mtu mwingine atakayeingia na kusema kitu tofauti. Kisha akamshika Tumaini kichwani, akatoka. Katika juma lile aling'oa vitunguu vyake vikiwa bado vidogo, akaviuza kwa bei ya kutupa, na Alhamisi alipanda lori pale Misigiri. Alikuwa hajaoa, hakuwa na wa kumzuia. Tulisikia baadaye kwamba yuko Itigi, anafanya kazi kwa mnunuzi wa asali. Kijiji kikasema, mmeona? Amekimbia.

Baba Tumaini alikuwa ameomba muda wa kutafuta, na alitafuta. Hiyo ndiyo sehemu ya mwaka ule inayonijia kwa harufu. Alichuma majani ya mwarobaini na ya mpera, na shubiri mwitu kutoka kwenye mawe nyuma ya shule, akayaanika kivulini, si juani, maana jua, alisema, linaondoa kile unachokitafuta. Yalipokauka aliyatwanga kwenye kinu cha mkewe, akayaloweka. Maji hayakumridhisha. Alisema vilivyomo kwenye majani ni vingi, vingine vinatoka kwa maji na vingine vinataka spiriti, na kwa kuwa spiriti haikuwepo akaanza kununua gongo. Mzee wa kanisa, mume wa mwimba kwaya, akionekana anatoka kwa mama mpika gongo na chupa mbili mchana kweupe! Watoto wangu darasani walinong'ona kwamba baba yake Tumaini anawalevya samaki wasisikie maumivu. Mama Tumaini alibeba aibu ile bila kusema neno, lakini niliona alivyobadilisha njia ya kwenda kanisani. Stoo ikajaa chupa zilizotikiswa kila asubuhi, kisha majimaji yale yakachujwa kwa kipande cha kanga na kupashwa moto taratibu juu ya sufuria ya maji hadi kikabaki kitu kizito cheusi kama lami, alichokipima kwa ile mizani ya shaba. Uchungu wake ulipita juu ya ukuta ukaingia kwenye shuka langu, kwenye chaki, kwenye chai. Hata mlenda tuliokula ulikuwa mchungu, au sisi wenyewe tulikuwa tumeshalowa uchungu.

Alianza na samaki wachache kwenye beseni. Dawa ya kwanza ilikuwa kali, wakageuka tumbo juu mbele ya macho yetu, na akasema kwa sauti ndogo, "Hii inaua upesi kuliko ugonjwa." Akaipunguza, akaipunguza tena, mpaka akafika mahali ambapo samaki mzima alikaa ndani yake bila kudhurika. Lakini hiyo haikumwambia kama inaponya. Na hapo akakutana na mambo ambayo kiwandani hakuwahi kuyafikiria, kwa sababu kule dawa ilitoka mlangoni ikiwa kwenye kopo na mtu mwingine ndiye aliyejua mgonjwa ataimezaje. Akiichanganya kwenye mashudu, samaki wagonjwa hawali. Wanaokula ni wale wazima. Akiimwaga bwawani, bwawa ni kubwa, inapotelea majini. Akiwatoa mmoja mmoja kuwaogesha, wanakufa kwa kushikwashikwa. Jioni alikuwa akiniuliza kana kwamba mimi nilisomea hayo, "Mwalimu, asiyekula utamtibuje?" na mimi nilikaa nikikwaruza ukoko wa ugali.

Wakati huo bwawa la kati lilikuwa limekwisha, na la juu na la chini yote mawili yalikuwa yameanza kuonyesha dalili. Akaamua kutia dawa bwawa la chini, kwa wingi, kila siku, na la juu asilitie chochote. Mama Tumaini alidhani amesikia vibaya. Nilikuwa kitandani na homa siku ile, nikayasikia yote juu ya ukuta.

"Dawa unayo," alisema mama. "Imejaa hapa stooni. Kwa nini la juu usilitie?"

"Nikitia yote mawili, wakipona, nitajuaje ni dawa iliyowaponya? Lazima moja libaki hivihivi nilinganishe."

"Yaani unawaacha wafe ili wewe ujue."

"Nikijua leo, nitawaponya mwakani. Na watu wengine watawaponya wa kwao."

"Mwakani tutakula nini, Baba Tumaini? Nguvu zetu zote ziko kwenye maji yale."

Nikamsikia baba akitikisa chupa, moja baada ya nyingine. Kwa siku kadhaa ilibaki hivyo: bwawa la chini likipewa dawa, bwawa la juu likitazamwa tu. Kisha mchana mmoja, yeye akiwa amekwenda Misigiri, mimi nikirudi shule nilimkuta mama bondeni na sufuria kubwa ya kupikia sherehe, kanga imefungwa kiunoni, anamwaga dawa kwenye bwawa la juu kwa kikombe, akizunguka ukingo wote, akinyunyiza kama mtu anayenyweshea mbegu. Alikuwa analia. Aliniona, hakuacha. Mumewe alipofika na kuona maji yamebadilika rangi, hakupandisha sauti. Alichuchumaa pale ukingoni. "Sasa sitajua," akasema.

"Mimi sikutaka kujua," mama akamjibu. "Nilitaka wapone."

Nimewafikiria watu hawa wawili maisha yangu yote, na bado siwezi kusema nani alikuwa sahihi. Siku hizi, nikiwa na umri mkubwa kuliko waliokuwa nao wakati ule, naelekea zaidi kwa mama; halafu asubuhi nyingine naamka niko upande wa baba. Vifo vilipungua katika mabwawa yote mawili. Pakabaki samaki wachache huku na wachache kule, wenye makovu ubavuni, wanakula. Je, ni dawa? Yule binti afisa uvuvi, nilipomfikisha hapa katika hadithi, alitikisa kichwa. Alisema hata bila dawa wapo wanaonusurika, ugonjwa ukishawapitia walio dhaifu hutulia wenyewe. Alisema mpaka leo, samaki wa bwawani wakishashikwa na kirusi, hakuna dawa ya kununua dukani na kuwapa wakapona, na kwamba wako watafiti wanaokamua majani kama alivyokamua Baba Tumaini, tena wanaona kweli kwenye vichupa vyao kwamba baadhi ya vilivyomo vinakizuia kirusi kisiingie au kisizaane. "Lakini kutoka kwenye kichupa hadi bwawani, bibi, hapo ndipo tunapokwama." Asiyekula utamtibuje. Hakuyasema maneno hayo, niliyasikia mimi. Nilitaka kufurahi kwamba mzee wangu hakuwa mwendawazimu na gongo lake. Sikufurahi. Niliona tu kwamba muda mrefu umepita na wanaojua mengi kuliko yeye bado wamesimama ukingoni, suruali zimekunjwa, wanatazama maji.

Bwana Seif alirudi mwishoni mwa masika. Hakuja na pikapu, alikuja kwa basi, na kofia yake mkononi. Mama akampa maji ya kunywa, akayanywa yote, akarudisha kikombe. Alisema alikuwa hajui pa kuuweka uso wake. Kule alikovitoa vifaranga, samaki wa yule mzee aliyemuuzia walikuwa wamekufa, na wa jirani yake, na kote alikopeleka kwa pikapu ile wamekufa, kwa namna moja, macho meupe na vidonda. "Wallahi, Bwana Kitundu, walipokuwa kwenye mapipa walikuwa wazima, mwenyewe uliwaona. Kama ni ugonjwa, nimeubeba mimi na sikuujua. Na kama ni mtu amewatilia sumu, basi ana miguu mirefu, maana amefika kila mahali nilikofika mimi." Mama Tumaini aliinuka akaingia ndani. Nilimsikia akisema jina la Yona, mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita kuja kula.

Mabwawa yakafunguliwa na kukaushwa, kwa ushauri wa kila mtu na wa hakuna mtu. Maji yalipoisha, kijiji kizima kilishuka na ndoo kuokota wale wachache waliobaki kwenye tope. Baba Tumaini aliwaomba wasile, kwa kuwa hakujua kama watadhurika. Walikula, hakuna aliyeumwa hata tumbo, na wakamcheka. Alikuwa amesema tena kwamba hajui.

Shule ilipofungwa Baba Tumaini aliamua kwenda Itigi. Mtama ulikuwa umeiva na ndege walikuwa wameushukia kama moshi, Mama Tumaini asingeweza kuondoka shambani, na mumewe alikuwa ametoka kuugua malaria, anatembea akishika kuta. "Mwalimu," mama akaniambia, "nenda naye. Wewe Yona anakuheshimu, hatakufukuza." Tukaenda kwa lori hadi Manyoni na kutoka hapo tukapanda treni, katikati ya vile vichaka vikavu ambavyo havina mwanzo wala mwisho, na njia nzima Baba Tumaini alikuwa anatikisa midomo, anajizoeza maneno.

Tulimkuta Yona nyuma ya ghala, anachuja asali, mikono inang'aa mpaka kwenye viwiko, nyuki wamemzunguka na yeye hawajali. Alikuwa amekonda. "Shikamoo, kaka," akasema, akanawa mikono, akaniuliza habari za shule, akamuulizia Tumaini kama ameota meno mapya. Akatupeleka kwenye chumba chake, kitanda kimoja na ndoo, akatununulia chapati na chai. Tulikula. Alimkaribisha kaka yake kwa heshima zote, na heshima zile ndizo zilizonitisha. Mwishowe Baba Tumaini akaweka kikombe chini.

"Yona, nimekuja kusema kwamba si wewe. Nitasimama mbele ya kijiji niseme. Turudi nyumbani."

"Umejuaje?"

"Bwana Seif alikuja. Samaki wamekufa kote alikowapeleka. Ulikuwa ugonjwa."

Yona aliitikia kwa kichwa taratibu, akiipokea habari ile kama habari ya watu wengine. Nje treni ya mizigo ilikuwa inapanga mabehewa, yanagongana, na alisubiri kelele ipite.

"Na Bwana Seif asingekuja, kaka?"

Nilimtazama Baba Tumaini. Nilijua yale maneno aliyojizoeza njia nzima, na nilijua hayakuwa na jibu la swali hilo. Mtu yule hakuweza kusema uongo hata pale, hata kwa ndugu yake, hata alipoona kabisa kwamba uongo mdogo ungemrudisha nyumbani.

"Sijui, Yona," akasema.

"Basi," Yona akasema kwa upole. "Mimi sina kinyongo na wewe, kaka. Msalimie shemeji. Lakini Ulemo sirudi."

Alitusindikiza stesheni, akatutafutia nafasi ya kukaa, akashuka behewa likiwa limeshaanza kutikisika. Hakurudi kweli, si mwaka ule wala miaka iliyofuata. Alioa hukohuko, akafia hukohuko. Treni ilipotoka kwenye nyumba za mwisho na kuingia vichakani, Baba Tumaini alinigeukia, macho mekundu, na akauliza kama mwanafunzi aliyekosa hesabu na anataka kuonyeshwa mahali alipokosea.

"Mwalimu, ningemjibu nini?"

Niliangalia dirishani hadi Manyoni.